Hata Mdudu Mmoja

Mkuu wetu wa ofisi ya bonde la mto tulimpachika jina la Bwana Tai kwa sababu hata siku ya kwenda mtoni huja amevaa tai shingoni. Mimi ni mpimaji wa maji. Kazi yangu ni kuingia mtoni na mabuti ya mpira, kuvuruga mawe kwa mguu huku nimetega wavu upande yanakoelekea maji, kisha kumwaga kilichonaswa kwenye trei nyeupe na kutazama wadudu. Ndiyo, wadudu. Mto ulio hai huwa nao. Wapo wadogo wenye mikia mitatu wanaojibana chini ya mawe, na hao wanadeka kuliko bibi harusi: maji yakiharibika kidogo tu, huwaoni tena.

Juu ya kiwanda cha ngozi niliwakuta tele. Chini ya kiwanda, pale linapovutia maji bomba jipya la mtaa wetu, nilivuruga mawe mpaka kiuno kikaniuma. Trei ilibaki nyeupe pee. Nikampigia Bwana Tai simu nikiwa bado ndani ya maji.

"Bosi, huku chini hakuna hata mdudu."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja! Mto umekufa. Bomba lisifunguliwe kwanza."

"Nimekuelewa, dada. Kazi nzuri," akasema, akakata.

Nilidhani amenielewa. Kumbe kweli alinielewa, na hapo ndipo damu inaponichemka mpaka leo.

Jioni nilimkuta mama mkwe uani akisugua ndoo. Yeye ndiye aliyechaguliwa kukinga maji ya kwanza siku ya kufungua bomba. Amebeba maji kichwani tangu mume wangu yuko mgongoni, na sasa goti lake moja limegoma kabisa.

"Mama, yale maji bado," nikamwambia.

"Bado nini? Bosi wako mwenyewe kapita hapa, kasema kesho tunafungua, maji safi. Wewe usinitilie nuksi, mwanangu."

Akaendelea kusugua. Maji hayo ndiyo yangeingia kwenye sufuria yangu na kwenye vikombe vya wanangu, na bibi yao ndiye angeyaleta, akicheka. Sikupata usingizi kwa hasira. Kulipopambazuka nilirudi mtoni na ndoo mbili zenye vifuniko.

Sherehe ilikuwa imeshapamba moto nilipofika. Turubai, viti vya plastiki, spika mbili zinazokoroma. Bwana Tai alishika kipaza sauti kwa mbwembwe zote.

"Wananchi, maji haya yamepimwa! Tena yamepimwa na mwanamke wa humu humu mtaani kwenu. Ameingia mtoni, ametafuta, hakukuta hata mdudu mmoja!"

Wakapiga makofi. Vigelegele vikapigwa, na aliyevianzisha ni mama mkwe. Nilitamani kulia. Maneno yangu mwenyewe, niliyoyasema kama mtu anayepiga kelele za moto, yule bwana kayageuza pongezi.

Nikapita katikati ya viti, nikaweka trei mbili kwenye meza kuu, nikamimina maji ya ndoo zangu. Moja ikajaa wadudu wanaokimbizana. Nyingine ilikuwa angavu, ungeweza kusoma kupitia maji yake.

"Haya ni ya juu ya kiwanda," nikasema. "Na haya ni ya chini yake, ndiyo yanayoingia kwenye bomba."

Mama mkwe akakunja uso. "Toa uchafu huo mezani! Hayo safi ndiyo yetu."

Watu wakaangua kicheko. Bwana Tai akatabasamu. "Mmesikia? Wananchi wenyewe wameshaamua."

Nilichota wadudu kwa kijiko, nikawahamishia kwenye yale maji angavu. "Mama, naomba uvae miwani. Njoo uangalie."

Alikuja akinung'unika. Wadudu walizunguka, wakazunguka tena, mwendo ukawalegea. Mmoja akazama. Wengine wakamfuata, miguu imejikunja. Kicheko kikakatika, maana watu wa mbele walikuwa wamesimama kuchungulia.

"Mbona hawachezi?" mama mkwe akauliza.

"Wamekufa, mama."

"Na si maji safi haya?"

Bwana Tai akaingilia, "Jamani, mdudu si mtu!"

Mama mkwe akavua miwani polepole. "Wewe baba, binti yangu alikwambia haya?"

"Mama yangu, kile kiwanda kinalisha familia nyingi sana, na hizi taratibu..."

"Sijakuuliza kinamlisha nani. Nimekuuliza, alikwambia?"

Akashika fundo la tai, akalilegeza, akalikaza tena. Na mimi ambaye nimeolewa nyumba ile miaka yote hii nikiitwa "mke wa mwanangu", nilikuwa nimesikia "binti yangu" kwa mara ya kwanza.

Mama mkwe aliichukua ndoo yake inayong'aa, akaipindua chini ya mdomo wa bomba, akaikalia, goti bovu amelinyoosha mbele.

"Anayetaka kufungua, aje anifungulie kichwani."

Nikapindua ndoo yangu, nikakaa kando yake.