Watano na Nusu

Jana usiku nimeota tumekwenda bustani ya mimea ya Morogoro, familia nzima: Baba, Mama, shangazi Bonifasia, mdogo wangu Leti, na mimi na simu yangu. Geti la bustani liko jikoni kwetu, nyuma ya friji. Tunasukuma friji, tunapita, na hakuna anayeuliza kitu.

Getini kuna mmea wa dungusi, mrefu, mwenye miiba na kofia ya mgambo. Anatuhesabu kwa kutunyooshea mwiba. Watano. Halafu anatusomea masharti: tupite njiani, tusikanyage nyasi, na mahali pa mmea pasikae wazi.

Hilo la mwisho sikulielewa, ila nililirekodi.

Baba alikosea kidogo tu, kisigino kikagusa nyasi. Nyasi zikamwambia, "Mzee, kiatu." Baba akaomba radhi, akanyanyua mguu, na kuanzia hapo akawa anatembea juu ya hewa. Shangazi akamwambia sasa angalau soli zitadumu.

Tunafika kwenye maua. Mistari imenyooka, kila ua na kibao chake cha jina. Nyuma yetu kibao kimoja kinakohoa.

"Samahani," kinasema. "Hapa nilikuwa na mtu wangu."

Tunageuka. Mbele ya kibao kuna shimo, udongo bado mbichi. Kibao kinasema kimesikia kitu kikivunjika sasa hivi tu, na waliopita ni sisi peke yetu.

Dungusi tayari amefika. Hana hasira. Anamshika Leti mkono, anamsimamisha shimoni, anashindilia udongo. "Mahali pa mmea pasikae wazi," anasema. "Aliyechukua akirudisha, mtoto anatoka. Nikifunga geti, amekuwa wetu."

"Kumbe kuna joto," anasema Leti. Nyuma ya sikio lake kimeshachomoza kijani kidogo.

Sote tunamwangalia shangazi. Kwa kweli ni mkoba wake tunaouangalia, maana mkoba ule haujawahi kutoka harusini mtupu. Mkoba unajifungua zipu wenyewe, unatema chapati, soda mbili na mfuko wa pilau.

"Mimi ni wa vyakula tu," unasema. "Mambo ya miche siyajui."

Sasa shangazi anamwangalia Baba, Baba ananiangalia mimi, nami naangalia simu. Napitia picha za leo. Kwenye kila picha Mama ameinama. Ukimuuliza atasema alikuwa anafunga kamba za kiatu, lakini Mama amevaa kandambili.

Na kilemba chake kinazidi kurefuka picha hadi picha. Nikataka kuikuza ya mwisho. Ile picha ikaninong'oneza, "Usinikuze, anatuona."

Kweli, Mama alikuwa ananiangalia.

Lazima nieleze. Mama haombi mche wa mtu. Anaamini ukiuomba haushiki. Unatakiwa uuvunje mwenyewe, tena huku unaongea habari nyingine kabisa. Mimea yote ya nyumbani kwetu imeota hivyo.

"Mama," nasema polepole, "rudisha."

"Nikirudisha, mche utakufa. Nimeshauiba."

"Na Leti?"

Anamtazama Leti, ambaye udongo umemfika magotini. "Leti atashika tu. Yule ana damu nzuri."

Jua linashuka. Dungusi anachezesha funguo. Leti anageuza uso kufuata mwanga, na anaomba maji. Haombi kunywa. Anaomba amwagiwe.

Hapo ndipo Mama akabadilika uso. Akafungua kilemba. Kichwani hakuna nywele, kuna bustani: waridi la padri, mchaichai wa jirani, asumini ya mama mkwe wake ambayo ukoo mzima ulishawahi kuitafuta. Baba akaona asumini, akakaa kitako, juu ya hewa. Mama akachomoa kikonyo kimoja, akapiga magoti, akakichomeka miguuni pa Leti. Leti akatoka kama muhogo.

Getini dungusi anatuhesabu tena. Anarudia. Anakunja uso.

"Mmeingia watano," anasema. "Mnatoka watano na nusu."

Sote tunamgeukia Mama. Mama anafunga kilemba.

Nikaamka. Jikoni friji iko pale pale. Mama anachuja chai, kilemba kichwani asubuhi yote ile. Leti amesimama palipo na jua, anamalizia kikombe cha tatu cha maji.

"Mama," nikamwambia, "nimeota uko bustanini."

Akasema ndoto zangu zinatokana na kulala na simu. Na huku anaongea hivyo, akamgeuza Leti kichwa kwenye mwanga, akachuma kitu kidogo cha kijani nyuma ya sikio, na kabla sijawasha kamera, kilishaingia kwenye kilemba.