Kikohozi cha Glenys

Murray alikata manyoya ya kondoo mpaka mgongo ukamgomea, na alipoingia kazi ya kuhudumia watu wenye ulemavu pale mjini Dubbo, karibu hakuna kilichomshinda. Kumnyanyua Glenys, aliyekabidhiwa kumtunza, kitandani kwa mashine, sawa. Kumwogesha, kumvalisha, kumlisha bila haraka, sawa. Kilichomtoa jasho ni taarifa ya zamu, ile ambayo kila mhudumu huiandika kwenye simu kabla ya kwenda kwake. Murray aliandika "Siku njema" kila siku, hata siku ile bomba la jikoni lilipopasuka wakala chakula cha mchana miguu ikiwa majini.

Narelle, msimamizi wake, akampigia simu.

"Murray, siku njema ya nani? Yako au ya Glenys?"

"Yetu sote, bosi."

"Andika ulichokiona na ulichokisikia, bwana wee. Hasa akiwa anakula. Mtu akikohoa mezani, huenda chakula kinaingia kwenye mapafu. Hilo usiliache kamwe."

Basi Murray akaling'ang'ania kama kupe. Glenys alikuwa mama wa miaka sitini na kitu, mwili haukumtii tangu azaliwe, lakini akili yake ilikuwa wembe. Hakusema kwa mdomo. Alibonyeza herufi kwenye tableti kwa kidole kimoja, nayo ikamsemea kwa sauti ya mwanamke mpole asiyejua hasira ni nini. Na Glenys alikohoa jamani! Jumatatu kwenye supu, Jumanne kwenye mayai. Mabega yalipanda, machozi yakamtoka, kooni ukatoka mlio wa pikipiki inayokataa kuwaka. Murray aliandika "Alikohoa", "Alikohoa tena", "Alikohoa sana", akajiona mtu wa maana.

Taarifa zikafika kwa Tamsin, mtaalamu wa mambo ya kumeza, naye akafanya ambacho mtaalamu yeyote mwenye akili angefanya. Mpaka afike Alhamisi kumwangalia, chakula chote cha Glenys kisagwe. Na kama kikohozi ni cha kweli, basi chakula kisagwe maisha yake yote.

Jumatano ilikuwa siku ya pai. Glenys alivumilia mengi duniani, lakini pai ya nyama ya Jumatano, na sosi ya nyanya juu yake, hiyo ilikuwa dini. Murray akaitia kwenye blenda. Kilichotoka alikimimina kwenye sahani, wote wawili wakakitazama kwa huzuni.

"Hiki nini?" ikauliza tableti.

"Pai."

"Ilikufa lini?"

"Agizo, dada yangu. Usinitazame hivyo. Ngoja niipambe."

Akachukua chupa ya sosi ili achore uso unaotabasamu. Chupa ilikuwa imeziba. Akaibonyeza, akaibonyeza zaidi, akachungulia mdomo wake, na hapo ndipo ilipozibuka. Mabega ya Glenys yakapanda, pikipiki ikaanza. Murray, sosi ikimchuruzika kwenye nyusi, akaipapasa simu yake.

"Unaandika nini?"

"Kwamba umekohoa."

"Nimecheka, mpumbavu wewe. Kijiko hata hakijafika mdomoni. Nikohoe nini, hewa?"

Murray akakaa chini. "Ndivyo unavyocheka?"

"Tangu utoto. Dawn alijua."

Dawn ndiye aliyekuwa mhudumu wake kwa miaka na miaka, kabla ya kustaafu na kuhamia kwa wajukuu. Alijua, na wenzake wa enzi hizo walijua, na kwa kuwa kila mtu alijua, hakuna aliyejisumbua kuandika. Kidole cha Glenys kikatembea polepole juu ya herufi.

"Faili langu ni nene kuliko Biblia. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba nacheka."

Lile neno lilimchoma Murray. Tena likamkumbusha mambo. Jumatatu ya supu, dakika ileile, yeye alikuwa amekalia keki ya jirani. Jumanne ya mayai, alikuwa amefukuzwa na yule ndege mweusi mwenye mabaka meupe ambaye kila Septemba hulinda kiota chake kwenye mkaratusi na hana urafiki na mtu. Kila kikohozi kilitanguliwa na upuuzi wa Murray, na katika kila taarifa Murray alikuwa amejifuta kwa uangalifu mkubwa.

"Ongeza kilichotangulia," ikasema tableti.

"Ofisi nzima itasoma, Glenys. Nitaficha wapi uso?"

"Pai yangu, Murray."

Taarifa ikishatumwa haifutiki, huongezewa chini. Murray akaandika huku masikio yakimuwaka: "Nyongeza, Jumatatu: kabla ya hapo nilikuwa nimekalia keki. Nyongeza, Jumanne: ndege alinikimbiza, nikaingilia dirisha la bafuni, nikakwama kiunoni." Jioni Narelle alijibu kwa swali moja tu: "Ulipokwama, kilichokuwa ndani ni kichwa au miguu?"

Alhamisi Tamsin akaja. Glenys akala pai nzima, pai ya kweli, kipande kwa kipande, Tamsin akimsikiliza kooni kwa kile chombo cha madaktari.

"Anameza vizuri," akasema. "Nimesoma nyongeza zako, Murray, nyingine mara mbili. Lakini lazima nikisikie hicho kicheko mwenyewe, mdomo ukiwa mtupu. Nisipokisikia, agizo linabaki."

Murray akasimulia kisa cha kasisi na kondoo dume. Glenys akamtazama kama anayetazama televisheni iliyozimwa. Murray akacheza, akavaa sufuria kichwani. Tamsin akaanza kukusanya vitu vyake.

"Huyu si mchekeshaji," ikasema tableti. "Huyu ni ajali. Murray, pipa la taka halijatolewa."

Murray akachungulia nje. Ndege yuko juu ya uzio, anasubiri. Akanyoosha mkono kuchukua kofia ya msimu, ile ndoo ya aiskrimu iliyochorwa macho mawili kwa nyuma ili kumtisha ndege.

"Bila kofia."

"Glenys, nakuomba."

"Pai."

Akatoka, mzee mzima. Alifika na pipa lile la magurudumu katikati ya bustani. Ndege akashuka, Murray akapiga yowe, akakimbia na pipa, pipa likamshinda mbio, akalipanda bila kukusudia, wakaishia wote kwenye waridi la jirani. Ndani, pikipiki iliwaka kwa mara ya kwanza bila kusitasita. Tamsin alisikiliza kwa makini kabisa, uso wa kazi, mpaka naye akalala juu ya meza akijishika mbavu.

Murray aliporudi, sikio limechubuka na majani ya chai yako ndevuni, agizo lilikuwa limeondolewa.

Akaketi kuandika, Glenys akidai asomewe kila neno. "Alikula pai nzima, akameza bila shida. Kisha alicheka. Kicheko chake hufanana na kikohozi: mabega hupanda, machozi hutoka. Msiogope. Tazameni kilichomchekesha, mkiandike."

"Leo kilikuwa nini?" ikauliza tableti, kwa upole wake uleule.

Murray akagusa sikio, akashusha pumzi, akaandika: "Sababu: mimi. Siku njema, ya Glenys peke yake."