Kilomita Moja

Kikohozi ndicho kilichotangulia. Kilikuwa kikavu, mara tatu, kisha kimya, kama cha mtu anayejizuia asiwasumbue wenye nyumba. Darlene Kostiuk alikuwa bado anashusha ngazi kutoka kwenye pikapu yake, saa mbili asubuhi, mwezi wa Mei, kwenye mtaa ulio nyuma ya viwanda vya chuma vya Hamilton. Aliinua macho. Kwenye pembe ya paa palikuwa na bati jipya, misumari kumi na miwili.

"Nani kaziba?"

"Mimi, jana," alisema Garth Pruitt, mwenye nyumba, kikombe cha kahawa mkononi. "Nilimvizia rakuni katoka, nikaziba. Tangu hapo ananing'olea vigae. Na kazi ni yako, dada, si yangu."

"Mwezi wa tano tundu halizibwi kabla ya kusikiliza. Huyo ni mama. Watoto umewafungia ndani."

Hakuyasema kwa ukali. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akiwatoa rakuni, wanyama wa usiku wakubwa kuliko paka, kwenye dari za watu, na kila Mei hakukosi Garth mmoja. Alivaa glavu za kufika viwikoni, akafunga barakoa, maana kinyesi cha rakuni kina mayai ya minyoo inayoweza kumpanda mtu hadi ubongoni. Alipanda, akang'oa bati, akanyunyiza unga wa ngano kwenye kizingiti cha tundu. Kisha akaenda zake.

Alasiri alirudi kuusoma unga. Mama alikuwa amerudi kwa wanawe; vidole vyake vitano vilionekana wazi, kama vya mtoto mchanga. Kando yake palikuwa na alama za ndara, ndogo, ya kushoto ikiburuta. Zilikuja mpaka ukingoni, zikasimama, zikageuka kurudi ndani.

"Yumo na Bi Odette," alisema Darlene kutoka juu.

"Aa," alisema Garth. "Mimi nilidhani ni mabomba."

Odette Labelle alikuwa amepanga ghorofa ya juu kwa miaka thelathini na mmoja, na Darlene aliujua mwendo wake. Januari Garth alimpa notisi, kwamba nyumba inafanyiwa ukarabati. Akapelekwa kwenye makao ya wazee, mji ulio umbali wa kilomita sitini, asikomjua hata muuza mkate. Aliishi huko wiki saba, akazikwa. Ukarabati ulikuwa rangi nyeupe.

"Wapangaji wapya wanaingia Ijumaa," alisema Garth. "Wapakie wote, ukawamwage porini huko mbali."

"Hairuhusiwi. Rakuni hapelekwi zaidi ya kilomita moja na alipokamatwa. Ukimpeleka mbali hajui maji yalipo, hajui pa kujificha. Anakufa."

"Sheria hiyo?"

"Ya jimbo zima."

Garth alikitazama kikombe chake. "Na yeye?"

"Yeye sheria haimtaji."

"Basi sikukosea," alisema Garth, na uso ukamkunjuka.

Darlene alichukua koleo.

Aliweka sanduku la mbao kando ya ua, akaanza kuwashusha watoto. Mama aliwabeba kwa ngozi ya shingo, mmoja mmoja, hadi kwenye pango la mti nyuma ya uchochoro. Wa nne alitolewa tunduni na mikono ya Bi Odette, kafungwa katika mkono wa sweta, manyoya yamelowa. Alikuwa amemwosha. Kisha Bi Odette mwenyewe akashuka ngazi kinyumenyume, ndara ya kushoto ikiburuta.

Darlene aliziba tundu kwa wavu wa chuma, akakata tawi lililolala juu ya paa, akafunga mifuniko ya mapipa ya taka kwa kamba za mpira. Alimwambia Garth asiache chakula cha paka nje, kinyesi akimwagie maji yanayochemka, na akimwona rakuni anapepesuka, asimsogelee, aingie ndani apige simu. Garth aliandika kila neno kwenye kiganja. Kuhusu Bi Odette hakuuliza. Alikwenda kuchukua brashi, maana ukutani palikuwa na alama za kucha, na rangi nyeupe ilikuwa imebaki.

Bi Odette alikaa kiti cha mbele cha pikapu, magoti pamoja, bahasha ya notisi mapajani. Hakuuliza wanakwenda wapi. Aliitazama barabara kuu, ile waliyompitisha Januari, akakohoa mara tatu.

Darlene alirudisha namba za kilomita kwenye sifuri, akawasha gari.

"Unaiona reli ile?" alisema. "Kilomita inaishia pale. Siivuki, Bi Odette. Nakuahidi. Hata tukizunguka mtaa huu mpaka Ijumaa."