Mlinzi wa Maji Hafumbi Macho

Kuna watu wanaoogopa nyoka na kuna wanaoogopa sindano ya daktari. Muthoki, binti wa Pasta Kivuva wa Kalamba, aliogopa neno moja tu: "Tuombe."

Usicheke. Ungelelewa nyumba ile, nawe ungeliogopa. Neno hilo likitamkwa, macho yanafumbwa ndi, na ole wake atakayechungulia. Mama yake alikuwa na vidole vya kufinya ambavyo havikukosea paja la mtoto hata siku moja. Baba yake naye alisema kwamba anayefungua macho kwenye maombi anampeleleza Mungu. Sasa msichana amefika miaka kumi na minane, na kazi anayosomea ni kazi ya kutofumba macho. Jamani, dunia ina vituko.

Mambo yalianza siku ya ubatizo katika silanga, lile bwawa la udongo ambalo wanawake wa Kalamba walilichimba kwa majembe na karai. Kanisa zima lilikuwa ukingoni, vichwa vimeinama, Pasta anaomba. Aliposema Amina, mtoto mmoja wa miaka saba hakuwepo. Walimpata jioni. Hakuna aliyeona alivyoingia majini kwa sababu hakuna aliyekuwa akitazama. Watu mia na zaidi walisimama hatua chache kutoka kwake, wote wamefumba.

Wazee wa kanisa wakakata shauri: hakuna mtu atakayebatizwa tena pale mpaka vijana wafunzwe kulinda maji. Mvua kubwa ya mwaka wa sabini na saba ilipojaza silanga, wakamtafuta Mutunga, aliyekuwa mwanajeshi wa majini kule Mtongwe miaka kumi na miwili, na ambaye sasa alikuwa na duka la mbegu Mukuyuni. Vijana kumi walijiandikisha. Baada ya wiki ya kwanza wakabaki wawili, Muthoki na Jonah, fundi wa baiskeli.

Nani angewalaumu waliokimbia? Maji ya silanga ni chai ya maziwa. Ukizama hatua moja, mkono wako mwenyewe huuoni. Muthoki aliingia na gauni lake la heshima, kaptura ya kaka yake chini yake, na kila alipotumwa kuokota tofali chini kwenye matope alikuwa na hakika kwamba kitu kitamshika mguu. Lakini tofali alileta. Akavuka bwawa mara nne na nguo zote mwilini. Akamvuta Jonah kwa kidevu mpaka ukingoni, Jonah akilalamika kwamba amenyongwa.

Shida ilikuwa ile nyingine, ya macho. Katikati ya mazoezi Mutunga alizoea kusema ghafla, "Tuombe!" na papo hapo kutupa majini mtungi uliojaa mchanga.

"Umezama wapi?" anauliza.

Jonah ananyoosha kidole pale pale. Muthoki anafumbua macho na kutazama maji yote, hajui. Alijaribiwa mara sita, akafumba mara sita.

"Hao ni watu sita umeua," Mutunga alimwambia. Hakufoka hata kidogo, na hilo ndilo lililomtisha Muthoki zaidi.

Somo la pili lilimkosesha chakula. "Mfa maji haachi kutapatapa," Mutunga alisema. "Atakukumbatia kama mchumba, mzame wote wawili. Akikushika shingo, zama naye, ataachilia. Asipoachilia, mpige."

"Na kama ni mtu mkubwa, Mwalimu?"

"Majini hakuna mkubwa."

Wacha wee! Ni rahisi kwa mtu wa Mtongwe kusema hivyo. Ukambani mtoto akimpiga mzazi amejitakia kiumo, ile laana ambayo hata kizazi chake kitailipa.

Mtihani wa mwisho ulikuwa siku ya ubatizo wenyewe. Watu wakitoka majini wote wazima, mlinzi amehitimu na atapewa cheti. Asubuhi hiyo, Pasta Kivuva alimwita bintiye kando ya jiko.

"Nimesikia Mutunga anawafundisha kukodoa macho kwa maombi," alisema. "Jonah ni mtoto wa watu, simwezi. Wewe ni wangu. Usiniaibishe mbele ya kanisa."

"Ndio, Baba."

Angejibu nini kingine? Alitembea kwenda silanga. Akifungua macho, baba. Akifumba, maiti. Alimwomba Mungu amwambie lipi ni dhambi ndogo, na alipokuwa akiomba hivyo njiani, alikuwa amefumba macho, nusura ajikwae kwenye kisiki.

Jonah alipangwa ng'ambo, nyuma ya tuta, kuzuia watoto. Mutunga akasimama juu ukingoni na karatasi ya mtihani na penseli. Muthoki akawekwa karibu na maji, filimbi mdomoni. Mbele yake walisimama watu saba wa kubatizwa, maji yamewafika kiunoni, na mbele yao Pasta katika vazi lake jeupe. Nyuma ya Pasta, hatua kumi hivi, kulikuwa na kijiti chenye kitambaa chekundu. Hapo palikuwa na shimo ambalo watu walilichimba wakati wa kiangazi wakitafuta maji, refu kuliko watu wawili. Pasta alionyeshwa shimo hilo, akaitikia kwa kichwa.

Lakini kila mtu Kalamba alijua maombi ya Pasta Kivuva. Yakipamba moto, anatembea. Huku na huku, mbele na nyuma, kanisani alikuwa ameshaangusha mimbari mara mbili. Na yakifika kileleni, ananyamaza kimya, anasikiliza, na watu nao wanangoja mpaka aseme tena.

"Tuombe," Pasta akasema.

Muthoki alipigana. Naapa alipigana. Alitoa macho mpaka yakamwasha. Kisha baba yake akamtupia jicho moja tu, na kope zake zikashuka zenyewe.

Akasikia sauti ya baba ikipanda, ikiombea mvua, ikiombea wagonjwa wa Kikima, maji yakichupachupa kwa hatua zake. Kisha sauti ikanyamaza.

"Asante Yesu," wanawake wakanong'ona.

Muthoki akangoja. Kimya. Mtu mmoja akaanza kulia kwa furaha kwamba Roho ameshuka. Kimya kikaendelea kwenye jua lile la saa nne. Alitaka kufungua. Aliogopa kufungua. Akafungua jicho moja.

Watu saba walikuwa pale, nyuso juu, macho wamefumba, wanatabasamu. Kitambaa chekundu kilikuwa pale. Baba yake hakuwepo.

Na unajua wazo lake la kwanza lilikuwa nini? Kwamba baba yuko mahali fulani anamtazama na amemwona akichungulia. Almanusura afumbe tena. Ndipo akaona mapovu kando ya kijiti.

Alipuliza filimbi, pumzi haikutoka. Akajitupa.

Chini kulikuwa giza tupu. Alipapasa matope, akapapasa kitambaa cha vazi, na mara mikono miwili ikamkaba shingo. Woga uliompata hapo sina maneno yake. Baba yake, aliyekuwa hamshiki hata kumsalimia, alimkumbatia kwa nguvu zake zote na kumzamisha. Muthoki akazama naye kama alivyofundishwa. Hakuachilia. Akazama zaidi. Kifua kilitaka kupasuka. Hakuachilia.

Akampiga. Akampiga usoni ngumi ya kwanza, ya pili, na ya tatu kwa kiwiko, huku akilia ndani ya maji. Mikono ikalegea. Akamgeuza, akamshika kidevu, akapiga miguu kuelekea juu, na kichwa chake kilipochomoza kanisa bado lilikuwa limefumba macho. Ni kikohozi cha Muthoki kilichowafumbua.

Kelele zilizofuata zilisikika sokoni. Walimburuta Pasta ukingoni, Muthoki akamlaza ubavu, naye Pasta akatapika maji ya kahawia mara nne, akavuta pumzi. Alikuwa hai.

Mutunga alishuka akiyumba, penseli bado mkononi.

"Mwalimu, nilifumba," Muthoki akasema, meno yakigongana. "Niandikie sifuri."

Mutunga hakumtazama. "Hata mimi nilifumba," akasema. "Alisema tuombe, nikafumba."

Pasta akaketi. Mdomo wake ulikuwa umevimba na damu inachirizika, na watu wote waliuona. Mahali fulani nyuma, mtu alitamka neno kiumo. Pasta akajigusa mdomo, akatazama damu kwenye kidole.

"Nani amenipiga?"

"Ni mimi, Baba."

Muthoki alingoja laana kichwa kimeinama.

"Watu saba wananingoja," Pasta akasema hatimaye, akainuka kwa shida.

"Baba, usirudi!"

Alirudi. Maji yalipomfika magotini alisimama, hakuthubutu hatua nyingine, na wale saba wakamfuata pale.

"Tuombe," akasema.

Hakuna aliyefumba. Kanisa zima lilisimama macho yamewatoka pima, hata mama yake Muthoki. Naye Pasta aliomba macho wazi kwa mara ya kwanza maishani mwake. Hakutazama mbinguni. Alimtazama Muthoki aliyesimama ukingoni akidondokwa na maji, na kila Muthoki alipopepesa macho, Pasta alisita katikati ya neno mpaka yafunguke tena.