Kitufe cha Niwekee

Gauni la kanisani alikuwa amelipiga pasi ya makaa haraka haraka, na sasa, kwenye kiti cha ngozi cha ofisi ya wakili, Awuor hakujua aketi vipi asilikunje.

"Ukurasa wako wa nguo una kitufe kimeandikwa Niwekee," wakili Thuo alisema bila kuinua macho. "Mteja anabonyeza, nguo inatengwa kwa jina lake. Si ndiyo?"

"Ndiyo, boss."

"Hiyo njia ina hataza. Ni mali ya kampuni fulani Nairobi, mteja wangu. Mtandaoni, hakuna mwingine anaruhusiwa kuitumia."

Mtaani kwa Awuor, Bondeni nzima, watu huwekeana nguo. Mamake alibandika majina ya wateja kwenye mitumba kabla yeye hajazaliwa. Umeipenda blauzi, unasema niwekee, unarudi Jumamosi. Kitufe kilifanya hayo hayo tu. Lakini kilimletea wateja hadi wa Kabazi, ambao wasingeshuka mjini kwa sababu ya sketi moja. Bila hicho angebaki na cherehani, na mlango wa duka unaotazama ukuta.

Alitaka kuyasema yote. Ila alilelewa kwamba mbele ya mkubwa hukurupuki. Unaomba radhi kwanza, ndipo useme lako.

"Nisamehe sana, mzee, kama nimekukosea. Sasa mimi naona—"

"Andika," Thuo alimwambia karani. "Amekiri, ameomba msamaha."

"Sijakiri! Nilikuwa naanza tu kuongea."

"Dada, nani hapa amekulazimisha kuomba msamaha?"

"Lakini mama alikuwa anawekea watu hata kabla ya simu."

"Kwa kompyuta?"

"Kwa pini."

"Basi na mama hatuna shida."

Karani alicheka puani. Karatasi ikatoka ikiwa na joto: ukurasa ufungwe leo, au wakutane kortini Nairobi. Awuor alitia sahihi, herufi moja moja, kalamu ikitoboa karatasi.

Mapokezini palikuwa na watu sita, kila mmoja na barua ya Thuo mkononi, kama iliyomleta yeye. Binti wa mezani, Kimberly, alimsogezea kioo cha kubonyeza chenye nyuso mbili, mmoja ukicheka, mwingine umenuna.

"Tuambie umehudumiwaje. Bonyeza mmoja tu."

Awuor alirudi nyuma hatua.

"Na kitufe hiki," aliuliza, "ni mali ya nani?"

"Ai, dada, bonyeza tu. Watu wanangoja."

Aliificha mikono kwapani.