Mkono wa Fundi

Miaka ishirini na sita Mhariri alipata riziki kwa kuandika juu ya picha za wengine. Mwenyewe akishika kamera, watu hutoka bila vichwa. Lakini mpe picha, atakusomea mpaka mawazo ya aliyepigwa.

Jina lake lilijengwa na makala moja ya ujanani, juu ya picha ya fundi cherehani akikata kitambaa kwa mkono wa kushoto. Kurasa tatu nzima aliusifu mkono ule. Walimu waliisomesha darasani.

Sasa alikuwa akihariri kitabu chake cha mwisho kabla ya kustaafu, na picha hiyo ndiyo ya jalada. Jumatatu alitoa negativu, kile kipande cha filamu kilichozaa picha, kwenye bahasha, akailaza juu ya meza ya kioo yenye taa chini yake, ikae kama picha iliyochapishwa. Namba za ukingoni zikasomeka kinyume. Akaigeuza. Namba zikakaa sawa, na mkasi ukahamia mkono wa kulia.

Aliyeisafisha picha zamani ile aliigeuza negativu, na yeye, mtu wa kugombeza watu kwa koma moja, hakuangalia. Kitabu kilikuwa kiingie mtamboni Ijumaa. Akinyamaza, nani atajua? Aliona aibu hata kuliwaza hilo. Akabeba mkoba, akaenda kwa fundi.

Alimkuta anakata suruali, kwa mkono wa kushoto.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu. Kaa."

Alimweleza yote bila kuzunguka. Fundi akacheka mpaka akavua miwani.

"Nilijua siku ile ile jarida lilipotoka. Lakini ulivyonipamba, ningeanzaje kukukosoa? Wateja wakamiminika kumwona fundi wa shoto. Ikabidi nijifunze. Mwaka mzima niliharibu vitambaa vya watu."

"Nisamehe, mzee. Nitaandika ukweli."

"Andika. Hata mkono wenyewe umechoka."

Akahamishia mkasi kulia, akakata. Mstari ukaenda kombo. Akajaribu tena, ukazidi. Aliutazama mkono ule, kisha akaurudisha mkasi kushoto.

Ofisini, Mhariri aliigeuza picha ikakaa upande wake. Chini yake akaandika: "Nilikosea. Siku ile fundi alitumia mkono wa kulia." Sentensi iliyofuata ilimchukua mpaka jioni: "Huu wa kushoto nilimpa mimi."