Mkunjo wa Mama Mkasi

Mtaa mzima ulimwita Mama Mkasi, kwa jinsi alivyokuwa akikata kitambaa bila hata kuchora chaki. Miaka nenda miaka rudi, maharusi walimfuata yeye. Macho yalipoanza kufifia hakumwambia mtu. Alimwachia tu mkamwana wake, mke wa mwanawe wa pekee, kazi moja baada ya nyingine: kwanza vifungo, kisha pindo, mwishowe kukata. Wateja waliendelea kumsifu yeye, na mkamwana hakulalamika. Duka la mama, jina la mama.

Ndipo akaja mwalimu mmoja aliyekaribia kuolewa. Bega lake la kushoto lilikuwa limeshuka tangu alipovunjika utotoni, na mafundi wengine walishamshonea magauni ya kujaza sponji. Sponji ilihama kila akicheka.

"Sitaki kumdanganya mtu kwamba bega liko sawa," alisema. "Nataka tu wasilione hilo kwanza."

Maneno hayo yalimganda mkamwana kichwani. Alikata shuka kuukuu, akazibana kwa pini, akabomoa, akaanza upya. Mwishowe akauacha kabisa mshono wa begani. Badala yake akalaza mkunjo mpana kutoka shingoni hadi kiunoni, ukashuka pamoja na bega badala ya kupigana nalo. Bibi harusi alipojitazama kwenye kioo aligeuka huku na huku, kisha akamkumbatia Mama Mkasi.

"Mama, umewazaje kitu kama hiki?"

"Ni uzoefu, mwanangu," Mama Mkasi akajibu.

Mkamwana alikuwa amepiga magoti akirekebisha pindo, wala hakuinua uso. Sifa za mshono alishazoea kuziacha zipite. Kazi ya mikono aliiona ni ya nyumba nzima. Lakini wazo la mkunjo huu lilitoka kichwani mwake. Alipomweleza mumewe, mumewe akamwambia avumilie, mama ni mtu mzima. Hapo ndipo hasira ilipompanda.

Habari za gauni hilo zikasambaa. Chama cha mafundi cherehani kikamwomba Mama Mkasi aje awaonyeshe wenzake mkunjo wake, naye akakubali kabla ya kufikiri. Akamwomba mkamwana amsindikize, ambebee vitambaa. Mkamwana akaitikia, huku moyoni akisema: nitabeba, nitakaa nyuma, tuone atawaonyesha nini.

Ukumbi ulijaa. Mama Mkasi alitandaza kitambaa mezani, akashika mkasi, akainama. Vidole vyake vikapapasa ukingo wa kitambaa, vikaupoteza, vikarudi. Mkamwana siku zote alidhani mama mkwe haoni vizuri tu. Sasa akaelewa kwamba anakaribia kutoona kabisa, na kwamba amelibeba hilo peke yake muda mrefu. Aibu aliyoitamani ilikuwa inatokea mbele ya macho yake, na haikumpa raha hata chembe. Akainuka, akaenda mezani.

"Mama amechoka na safari," aliwaambia watu. "Ameniagiza nikate mimi, yeye ataeleza."

Mama Mkasi hakuuachia mkasi.

"Sikumwagiza," alisema kwa sauti ndogo, mpaka watu wakasogea. "Na siwezi kueleza, kwa sababu mkunjo huu ameubuni yeye. Nilisifiwa, nikapokea. Macho yangu yamekwisha, jamani. Niliogopa nikisema ni wa mkwe wangu, hakuna atakayeniuliza kitu tena."

Fundi mmoja akamvutia kiti. Mkamwana akachukua mkasi, akaanza kukata na kueleza, na taratibu maswali yakawa yanaelekezwa kwake.

Walipokuwa wakirudi nyumbani, Mama Mkasi alimwomba radhi.

"Bado nina hasira, Mama," mkamwana alimjibu. "Lakini kilichoniuma zaidi ni kwamba ulikuwa unapofuka na mimi nipo hapo hapo. Kesho twende kwa daktari."

Daktari aliweza kuliokoa jicho moja, kiasi cha kutofautisha rangi na kumtambua mtu anapoingia. Wapo wateja wa zamani waliohama, na mkamwana alikaa muda kabla ya kuzungumza na mama mkwe wake kwa wepesi kama zamani. Siku hizi Mama Mkasi huketi mbele ya duka, akipokea watu na kuchagua vitambaa kwa kuvigusa. Mtu akisifia gauni, humwita mkamwana aache cherehani aje asikie mwenyewe, hata kama ana pini mdomoni.